Tarumbeta ya Kurudi

Sakafu hata iwe pana namna gani ina ukingo wake, na anayekimbia juu yake kwa furaha ya upepo unaompiga usoni hujua kwamba imekwisha pale tu mguu unapokosa pa kukanyaga. Wahenga waliliona jambo hilo wakalitungia methali. Hadithi hii ni ya mtu aliyeonywa kwa maneno, akaonywa kwa tarumbeta, asigeuke.

Katika nchi ya Bohemia, miaka ile ambayo majeshi ya Austria na ya Prussia yaliikanyaga ardhi mpaka shayiri ikasahau kuota, palikuwa na ndugu wawili waliotumikia kikosi kimoja cha wapanda farasi wa Austria. Mkubwa, Prokop Havelka, alikuwa sajini wa miaka arobaini na mitatu, mtu wa maneno machache, mwenye kovu la risasi shavuni lililomfanya aonekane anacheka hata aliponuna. Mdogo wake, Vít, alikuwa na miaka ishirini na sita, mwembamba kama ufito, na juu ya farasi hakuwa na mfano wake. Baba yao alifariki Vít akiwa bado ananyonya, hivyo Prokop ndiye aliyempakata juu ya tandiko mara ya kwanza, na ndiye aliyemfundisha kushika hatamu. Alimpenda kama mboni ya jicho lake, na katika mapenzi hayo ndimo alimoshindwa kumkemea.

Kazi ya wapanda farasi katika vita vile ilikuwa ngumu kuliko ilivyoonekana. Askari wa miguu walisimama safu mbele ya safu wakifyatuliana bunduki za kushindilia baruti, hadi uwanja mzima ukafunikwa na moshi. Wapanda farasi walingoja nyuma, pengine tangu asubuhi hadi alasiri, huku mizinga ikiwapunguza mmoja mmoja. Kisha, safu ya adui ilipoanza kuyumba, wao waliachiliwa kama mafuriko. Walipokwisha kuivunja, tarumbeta ililia, na kila mmoja alipaswa kugeuza farasi papo hapo, arudi, wapange safu upya. Kwani mwenye kushinda hakuwa yule aliyekwenda mbali, bali yule ambaye farasi wake alikuwa bado na pumzi jua lilipotua.

Vít alipenda kwenda. Kurudi hakukupenda.

Mwezi wa Mei, kando ya mto, walivunja safu ya Waprusi mara ya kwanza. Tarumbeta ikalia. Kikosi kizima kikageuka, isipokuwa Vít na wenzake wanane. Prokop aliitazama migongo yao ikimezwa na moshi. Baada ya nusu saa wakatokea wakiimba, Vít mbele, bendera ya adui begani, na farasi wake Vrána, jike mweusi kama masizi, akichuruzika povu.

Sheria ilikuwa wazi: anayepuuza tarumbeta hunyang'anywa farasi na kutiwa pingu. Prokop alikwenda hemani kwa Kapteni Ehrenwald akiwa amekwisha kuyapanga maneno ya kumshtaki mdogo wake. Alimkuta kapteni ameitandaza bendera mezani.

"Sajini Havelka!" kapteni alisema huku akicheka. "Kwenu mnalishwa nini nyinyi? Mdogo wako ni koplo kuanzia leo!"

Prokop alifungua kinywa. Kisha akamfikiria mama yao, jinsi padri atakavyomsomea habari hizo mbele ya kanisa zima, na majirani waliomsimanga kwa ujane wake wakisikia. Akakifunga.

"Ahsante, afande," alisema.

Jioni hiyo askari walikusanyika kwenye mkokoteni wa Rozálie, mke wa Vít, aliyefuatana na kikosi akiuza bia na mikate. Rozálie alikuwa mwanamke wa kicheko na ulimi mkali.

"Shemeji, mbona umekunja uso hivyo? Bia yangu imechacha?"

"Bia haina neno," Prokop alijibu. "Mumeo ndiye aliyechacha."

Vít akaangua kicheko. "Kaka, sema tu una wivu! Miaka ishirini jeshini, umewahi kuleta hata leso ya Mprusi?"

"Nimejileta mwenyewe. Kila mara. Nisikilize, Vít. Farasi ana pumzi moja. Ukiimaliza yote kwa kwenda, utarudi na nini?"

"Nitarudi na bendera ya pili!"

Watu wakapiga makofi. Rozálie naye akapiga, kisha akamshika mumewe mkanda kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika kitu kisipeperuke.

Kiangazi kizima mambo yakawa ni hayo. Mara mbili zaidi Vít aliipita tarumbeta, na mara zote mbili bahati ikambeba. Kichwa kikamvimba. Vijana wa kikosi wakaanza kumfuata yeye badala ya mlio, na wale waliogeuka kwa utii wakaitwa bibi harusi. Prokop alimsema faraghani, akamsihi, hata siku moja akamkaba ukosi wa koti. Lakini kwa kapteni hakwenda tena. Angeanzaje kumshtaki koplo ambaye yeye mwenyewe alimshukuria?

Mwezi wa Oktoba ukaja na mvua. Ilinyesha siku tatu mfululizo, na siku ya nne majeshi yakakutana kwenye mashamba ya ngano yaliyokwisha kuvunwa, udongo ukinata kama unga uliokandwa. Wakiwa katika kungoja, Prokop alimsogelea mdogo wake, aliyekuwa akikaza mkanda wa tandiko.

"Leo ni matope. Vrána hana mbio mbili za kukupa."

"Najua, kaka."

"Tarumbeta ikilia?"

"Nitageuka."

"Niapie."

Vít akatabasamu, akamfuta kaka yake tope lililomrukia kwenye kovu. "Haki ya mama," alisema.

Alasiri amri ikatoka. Walianza kwa hatua, wakaingia katika mwendo wa matiti, na zilipobaki hatua mia moja wakaachia shoti. Risasi ziliwapokea kama mvua ya mawe. Mtu wa kulia kwa Prokop akatoweka, na farasi wake akaendelea peke yake. Kisha wakafika. Safu ya Waprusi ikapasuka, askari wakatupa bunduki na kukimbia kuelekea kwenye kilima.

Tarumbeta ikalia, kubwa, ndefu.

Vít aliisikia. Prokop alimwona akigeuza kichwa, akaona hata mkono wake ukianza kuvuta hatamu. Lakini hatua hamsini mbele yake Waprusi wawili walikuwa wakikimbia na bendera, wakianguka na kuinuka katika tope. Vít akaitazama. Akaulegeza mkono.

"Bado kidogo tu!" alipiga kelele, na vijana thelathini na mmoja wakamfuata.

Prokop naye akampiga farasi wake visigino. Alikwenda hatua kumi. Kisha akatazama nyuma: wapanda farasi themanini walikuwa wakimngoja awapange, na nyuma yao askari wa miguu wasio na ngao nyingine ila wao. Akasimama. Watu waliokuwa karibu walisema baadaye kwamba alitoa mguno kama wa ng'ombe anayechinjwa.

"Pangeni safu!" alisema, na sauti ikamkatika. Akasema tena.

Nyuma ya kilima walikuwapo wapanda farasi wa Prussia ambao siku nzima hawakuwa wametumika, farasi wao wakavu, wamelishwa, wamepumzika. Walitokea bila haraka. Vijana wa Vít walijaribu kugeuka, lakini farasi waliochoka, miguu imezama katika udongo, walitikisa vichwa tu na kukataa. Prokop aliona mapanga yakipanda na kushuka. Halikuwa pigano. Walikwenda thelathini na wawili. Walirudi watano, kwa miguu.

Mapigano yalipotulia Prokop alipanda kilimani. Alimkuta Vít ameegemea ubavu wa Vrána, ambaye alikuwa amelala chini, hai, asiyeweza kuinuka. Vít alikuwa na majeraha matatu, na la shingoni lilikuwa limepita uwezo wa daktari yeyote.

"Kaka," alisema, "niliisikia."

"Najua."

"Nilimpiga Vrána visigino. Akageuka akanitazama tu."

"Usiseme sana, mdogo wangu."

"Usimwambie mama kwamba niliapa."

Prokop akampakata. Vít akakata roho mikononi mwake.

Rozálie alikuwa akiwafunga majeruhi vidonda alipomwona shemeji yake akija amebeba kofia mbili, yake na ya Vít. Hakulia. Alimaliza kufunga kitambaa alichokishika, akakaza fundo, ndipo akaketi chini matopeni.

"Walimpigia makofi," alisema polepole. "Na mimi nilipiga."

Kapteni Ehrenwald akamwita Prokop hemani. "Nitamwandikia mama yenu kwamba alikuwa shujaa."

"Mwandikie, afande. Lakini siku ile ya bendera nilikuja hapa kumshtaki, nikaondoka nimeshukuru. Hilo usiliandike. Nitamwambia mwenyewe."

Kapteni aliinamisha macho mezani, akaanza kuandika.

Majira ya baridi Prokop alipata ruhusa ya kwenda nyumbani. Alimweleza mama yake yote, hatua kwa hatua, bila kujitetea. Kile tu alichoombwa kukificha alikificha. Mama alisikiliza mpaka mwisho, mikono imelala mapajani. Kisha akauliza jambo moja.

"Hiyo tarumbeta, mwanangu, ilikuwa na sauti ndogo?"

"Hapana, mama. Ilisikika bonde zima."

Mama akatikisa kichwa, akajifunika uso kwa aproni. Mwanawe mdogo alikuwa ameisikia tangu Mei, na kila alipoipita alishangiliwa, hadi siku sakafu ilipomwishia chini ya kwato za farasi wake. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.