Sultani Aliyewakataza Wanaume Kupakata

Palikuwa na sultani aliyeamka siku moja akapiga marufuku wanaume kugusa watoto wachanga. Msicheke, ndivyo ilivyokuwa. Mpiga mbiu akazunguka mji mzima na pembe yake: mwanamume haruhusiwi kumpakata mtoto, kumbeba, kumwogesha wala kumfulia mawinda yake ya mkojo. Atakayeonekana, viboko na kifungo.

Chanzo cha yote kilikuwa fukara mmoja, msuka makuti, jina lake Ngwali. Yeye na mkewe Mize walikuwa wamempata mtoto wao wa kwanza, Machano, na uzazi ulikuwa mgumu. Mize alitoka mikononi mwa mkunga hana nguvu hata ya kuinua kata ya maji. Mama mzazi hakuna, mama mkwe hakuna; wote wametangulia mbele ya haki. Kwa hiyo aliyemkanda mzazi ni Ngwali, aliyepika uji wa pilipili manga ni Ngwali, na aliyechutama kisimani na mawinda, povu hadi viwikoni, ni Ngwali huyo huyo.

Hawakuwa na kitu, lakini walijua kukifanya kidogo kitoshe. Kanga kuukuu ya Mize ilichanwa ikawa mawinda. Pakacha likajazwa sufi, likawa kitanda cha mtoto. Siku samaki akipatikana, Ngwali humwekea mkewe minofu apate maziwa, yeye akajipa kichwa, huku akiapa kwamba duniani hakuna kitamu kama kichwa. Mize naye huonja kidogo, akajifanya ameshiba, akamrudishia. Samaki akazunguka jamvini hata paka wa jirani akachoka kungoja.

Sasa wanawake wana macho. Walimwona Ngwali kisimani, wakarudi majumbani mwao. "Mwenzio anafua, wewe umelala miguu juu!" Nyumba zikawaka moto. Wanaume hawakuweza tena kumaliza hata mchezo mmoja wa bao, wakaenda kumlilia sultani. Sultani akawasikiliza kwa huruma sana, maana hata mkewe alikuwa ameanza kuuliza maswali. Ndipo akatoa amri ile.

Mize aliposikia pembe, akajikongoja kuamka. "Baba Machano, niache. Nitafua mwenyewe." Akashika ukuta, akayumba. Ngwali akamdaka, akamrudisha kitandani.

"Lala, mke wangu. Mtoto huyu tumempata wawili."

Akamfunga Machano mgongoni kwa kanga, akachukua ndoo ya mawinda, yote machafu, hata moja kavu halikubaki, akatoka mchana kweupe. Lakini alijiuliza: Akifungwa, nani atampelekea Mize uji?

Kisimani hakufika. Askari walimkamata njiani, wakamswaga hadi barazani kwa ncha za fimbo, maana hakuna aliyetaka kumgusa mtoto.

"Wewe ndiye Ngwali?" akauliza sultani.

"Ndimi, Maulana."

"Amri yangu hukuisikia?"

"Niliisikia, Maulana. Mpiga mbiu alipita mlangoni kwangu, akamwamsha mtoto."

"Basi kwa nini umembeba?"

"Sikumbeba mimi. Yeye ndiye aliyenikamata. Tazama alivyoling'ang'ania sikio langu."

Mawaziri wakainamisha vichwa, mabega yakiwatikisika.

"Huoni haya? Mwanamume mzima unanuka mkojo wa mtoto!"

"Naona haya, Maulana. Lakini haya haijui kufua."

"Mimi nina watoto tele, sijampakata hata mmoja. Na wote wamekua!"

"Hata muhogo hukua, Maulana, na mwenye shamba amelala."

Sultani akavimba. "Mfungueni mtoto huyo, na huyu atiwe gerezani!"

Askari wakatazamana. Hakuna aliyesogea.

"Mnangoja nini?"

"Maulana," akasema mkubwa wao, "na sisi ni wanaume."

"Basi mwiteni mwanamke kutoka ndani!"

Askari mmoja akaenda mbio, akarudi polepole. "Bibi anasema amesikia. Ila anakukumbusha, Maulana, kwamba ulimkataza mwanamke kukanyaga barazani."

Ngwali akakohoa kwa adabu. "Maulana, hapa yuko mtu mmoja tu awezaye kumshika mtoto bila kuvunja amri."

"Nani?"

"Amri ni ya raia. Hapa yupo aliye juu ya amri, au hayupo?"

Sultani akawatazama mawaziri, mawaziri wakatazama dari. Aseme hayupo? Angewezaje?

"Yupo," akanguruma. "Mlete!"

Ngwali akafungua kanga taratibu, akamweka Machano mapajani mwa sultani, juu ya joho la zari, akarudi nyuma, akanyoosha mikono tayari kufungwa.

Machano akakitazama kilemba. Akazitazama ndevu. Kwanza ikaja mvua, ikaruka hadi kidevuni. Halafu likaja tope. Halafu kilio, madirisha yakatetemeka.

"Mchukue!"

"Naogopa viboko, Maulana."

"Waziri!"

Waziri alikwisha fika mlangoni.

"Askari!"

"Sisi ni raia tu, Maulana."

Tope likateremka kwenye zari, likatafuta njia kuelekea mkononi. Nyuma ya pazia kikasikika kicheko cha kike, kikazibwa kwa kiganja, kikaponyoka tena.

"Basi!" sultani akapiga ukelele. "Hakuna viboko! Hakuna kifungo! Amri nimeifuta! Mmesikia? Nimeifuta!"

Ngwali akainama hadi chini, akavua kitambaa begani, akamnyooshea.

"Ahsante, Maulana. Na kwa kuwa umeshaanza kufuta, mfute na mtoto."