Heri Spika ya Chumbani

"Heri spika ya chumbani kuliko redio ya sebuleni." Mnacheka? Shangazi yenu kawaambia hivyo asubuhi, nanyi mkadhani kaitunga yeye. Thubutu! Methali hii ilizaliwa Same, na mjinga wa kwanza ndani yake ni mimi babu yenu, Senkondo. Sogeeni niwaeleze, na wewe zima hiyo simu.

Enzi hizo nilikuwa na duka la redio na spika. Siku moja akaingia Mwalimu Msangi, mstaafu, mtu wa maneno machache. Watoto wake, Tumsifu na wenzake, walikuwa wamemchangia anunue muziki mzuri wa nyumbani. Nikafurahi, maana nilikuwa na stereo moja ya maana, spika zake mbili za mbao, ndefu kama kabati. Nikaiwasha. Hata wapita njia walisimama kusikiliza.

Mwalimu alingoja wimbo uishe. "Tamu," akasema. Kisha akatoa mfukoni kamba ya katani aliyoiviringisha. "Waya wake unafika urefu huu?"

Sikuwahi kuulizwa hivyo. Watu huuliza mvumo, wengine rangi. Nikaikunjua ile kamba, ikatoka mlangoni, ikavuka baraza.

"Haufiki, Mwalimu. Spika hizi hukaa sebuleni, mbele ya wageni."

"Na ile?"

Alikuwa ananyooshea kidole sabufa ya bei poa niliyoiweka chini, karibu na ufagio. Ilikuwa na vispika vitano vya plastiki na maikrofoni yake. Waya zake zilikuwa ndefu, kweli, lakini niliona aibu kumuuzia.

"Ile ni ya vijana wa kinyozi, Mwalimu. Mtu mzima na heshima zako, wageni watasemaje?"

"Mgonjwa wangu hayuko sebuleni," akajibu.

Mkewe, Nakijwa, alikuwa amevunjika nyonga na hakuinuka tena. Mama huyu ndiye aliyefundisha kwaya ya mtaani kwao, na akicheka, jirani wa tatu anasikia. Sasa alikuwa amelala chumba cha nyuma. Wageni walikuja, wakampa pole kidogo, wakarudi sebuleni kwenye chai na mazungumzo. Mwalimu alitaka kumhamishia kitanda huko huko, mama akakataa katakata: "Sebuleni hulazwa maiti. Mimi bado." Redio ya kando ya kitanda nayo aliikataa. Hakutaka maneno ya watu wa mbali. "Nawasikia mnacheka," alimwambia mumewe, "sisikii kilichowachekesha." Tangu siku hiyo akawa anarudisha sahani kama zilivyokwenda.

Mwalimu alinieleza hayo huku akiiviringisha kamba yake, ile aliyopimia toka sebuleni hadi kitandani kwa mkewe. "Naogopa, Senkondo. Ananiondokea, nami nipo hapa hapa."

Basi nikamuuzia, lakini kwa shingo upande. Jumapili alasiri nikaenda kumfungia. Kispika kimoja nikakitundika juu ya mto wa Nakijwa. Hata hakunitazama. Maikrofoni tukaiweka mezani sebuleni, katikati ya vikombe, maana wanakwaya sita walikuwa wamekuja kumwona. Tukaketi tunywe chai. Nami na kiherehere changu nikamwinamia Mwalimu, nikanong'ona: "Hujachelewa bado. Nirudishie kidude hiki nikuletee stereo. Hiki kinatia sebule aibu."

Kumbe nimeinamia maikrofoni!

"Senkondo!" Sauti ikatoka chumba cha nyuma. "Nimekusikia, wewe!"

Jamani! Nilitamani ardhi inimeze. "Shikamoo, mama," nikasema, sijui hata kwa nini.

"Marahaba! Na hiyo stereo yako kawauzie wasio na mtu ndani. Heri spika ya chumbani kuliko redio ya sebuleni!"

Akaangua kicheko, nasi wote tukaangua kicheko pamoja naye. Mwalimu peke yake hakucheka. Aliinamisha kichwa akalia mbele za watu, mwalimu mzima. Wanakwaya wakaanzisha wimbo, na kabla ya ubeti wa pili tukasikia: "Sauti ya tatu, mnaburuta! Rudieni!" Wakarudia, tena mara mbili. Jioni ile sahani yake ya makande ilirudi tupu.

Sitawadanganya, wajukuu zangu, mama yule hakuinuka. Aliishi mwaka mmoja na miezi michache, kisha akaenda zake. Lakini mwaka ule nilipita pale mara nyingi, na sikuona chai ikinywewa kabla Mwalimu hajaivuta maikrofoni. Mnawajua wazee wa Kipare wa wakati ule: tangu amwoe, hakuwahi kumwambia neno la mapenzi mbele ya mtu. Hata hapo hakusema mengi. Aliinama tu, akauliza polepole, "Mama Tumsifu, upo?"

Tukangoja wote, vikombe mkononi.

"Nipo, baba Tumsifu. Haya, endeleeni."

Ndipo alipomimina chai. Mimi niliyedhani nayajua mambo ya sauti, nikajua kwamba sijui kitu. Heri spika ya chumbani, wanangu, kuliko redio ya sebuleni.