Zimwi Lililookota Kesho

Sogeeni, wenzangu, niwape habari ya Mwanahawa. Shangazi yake, Bi Sikudhani, ndiye aliyemwonya kwanza: "Mwanangu, acha tabia ya kusema kesho. Lipo zimwi linaloziokota kesho tunazozitupa, likazitumia lenyewe."

Mwanahawa akacheka. "Basi lije liokote na vyombo vyangu vichafu, shangazi!"

Mama yake, kipofu, alikaa ng'ambo ya kijito. Akaita, "Binti yangu, njoo unisuke." Mwanahawa akajibu, "Kesho, mama." Siku ya pili akaita tena. "Kesho, mama." Siku ya tatu akaita tena. "Kesho, mama." Siku ya nne hakuita.

Mwanahawa akavuka mbio. Mlangoni akapishana na zimwi, likiaga kwa sauti ya Mwanahawa mwenyewe: "Kwaheri, mama." Ndani, mama amesukwa vizuri, mistari imenyooka.

"Mama, ni mimi, Mwanahawa!"

Mama akampapasa viganja. "Usinitanie, mwana wa watu. Binti yangu ndiyo kwanza ametoka. Mikono yake naijua, si hii."

Mwanahawa akalia, akaapa, hakutambuliwa.

Asubuhi iliyofuata, kabla jua halijachomoza, Mwanahawa alikuwa akifagia ua wa mama yake.

"Nani huyo?"

"Jirani tu, bibi. Nitakuja kila siku."