Kipande cha Tyubu

Ndugu zangu, leo sina maneno matamu, na aliyekuja kutafuta matamu anisamehe. Nataka kuwaambia habari za msimamizi mmoja wa kituo cha kuosha malori, kule kwenye barabara kuu ambako magari ya saruji na ya mafuta husimama kupumzika. Alikuwa mtu wa watu. Kanisani alikaa kiti cha mbele, msibani alifika wa kwanza, na kazini, kila asubuhi kabla mashine haijawashwa, aliwakusanya waoshaji wake wakashikana mikono kwa duara, akaomba kwa ile sauti yake nzito: Bwana, tulinde na ajali. Wakaitikia amina. Kisha akaokota bunduki ya maji, akaifunga kipande cha tyubu ya baiskeli.

Kipande cha tyubu cha nini? Subirini niwaeleze. Hiyo mashine ya presha si bomba la kumwagilia bustani. Maji yake yanang'oa grisi iliyoganda, na yakikaa mahali pamoja yanang'oa hata rangi. Ndiyo maana aliyeitengeneza aliiwekea kibonyezo kama cha bunduki: ukibonyeza, maji yanatoka, ukiachia, yanakatika. Alijua kwamba binadamu huteleza. Lakini kubonyeza kutwa nzima kunachosha vidole, na mwoshaji akipumzisha vidole lori linachelewa, na dereva anaanza kupiga honi. Basi msimamizi wetu akabuni dawa yake. Aliizungusha ile tyubu kwenye kibonyezo, akaikaza, maji yakawa yanatoka mfululizo, uishike usiishike. Kazi ikakimbia. Tajiri mwenye kituo akamsifu mbele ya watu.

Je, hakujua kwamba ni hatari? Alijua vizuri sana. Mkaguzi wa usalama alipokuwa anakuja, maana kulikuwa na mtu wa kupiga simu mapema kuwatahadharisha, tyubu ilifunguliwa ikaingia mfukoni, waoshaji wakavishwa buti na miwani, na mkaguzi akaondoka akitabasamu. Vumbi la gari lake kabla halijatulia, tyubu ilikuwa imerudi mahali pake. Mtu asiyejua, ndugu zangu, anaficha nini?

Palikuwa na mwoshaji mmoja aliyefanya naye kazi miaka mingi. Kwenye ule mduara wa sala huyu ndiye aliyesimama kuliani kwa msimamizi, kila asubuhi, mkono wake wa kushoto ndani ya mkono wa kulia wa bosi wake. Siku moja alimvuta pembeni.

"Bosi, hii kitu siku ikiniponyoka itaniumiza."

"Basi ishike isikuponyoke," msimamizi akamjibu, akacheka. Wenzake waliosikia wakacheka. Mwoshaji naye akacheka, kwa sababu alikuwa na watoto nyumbani, na kucheka na bosi ni sehemu ya kazi. Naona na ninyi mnatabasamu. Mnakijua hicho kicheko.

Siku yenyewe ikafika. Alikuwa amesimama juu ya tairi la lori akipiga maji yaliyochanganywa na dawa ya grisi, na povu limejaa kila mahali. Mguu ukateleza, akaanguka, bunduki ikamtoka mkononi. Kama ingeachwa ilivyotengenezwa, maji yangekatika palepale. Lakini ilikuwa imefungwa. Ikaanza kujirusharusha sakafuni kama nyoka aliyekanyagwa mkia, naye akanyoosha mkono wa kushoto aizuie isimfikie usoni. Akapiga ukelele. Mwenzake akakimbilia kuzima mashine, na msimamizi akaja mbio kutoka kibandani, akainama. Shikeni hapo alipoinama, nitarudi.

Walipoufungua mkono, waliona nini? Katikati ya kiganja kulikuwa na tundu dogo, la kuingia ncha ya sindano. Damu hakuna. Msimamizi akashusha pumzi. Akasema tumshukuru Mungu, ni kidogo. Mwoshaji alisema vidole vimekufa ganzi na mkono unawaka ndani kwa ndani, akaambiwa ni mshtuko tu.

Walikwenda zahanati pamoja. Njiani msimamizi hakunyamaza, alieleza jinsi kituo kikifungwa watu watakavyokosa ugali, na jinsi yeye alivyomtetea mwoshaji huyo kwa tajiri mara nyingi. Walipofika, nesi akauliza imekuwaje. Swali hilo aliulizwa mgonjwa, lakini msimamizi ndiye aliyejibu.

"Amechomwa na waya, nesi. Kidogo tu."

Mwoshaji alimtazama bosi wake, akatazama chini. Nesi akasafisha tundu, akachoma sindano ya pepopunda, akabandika plasta, kwa sababu hivyo ndivyo anavyotibiwa mtu aliyechomwa na waya. Hakukosea. Alitibu uongo aliopewa.

Kesho yake mkono ulikuwa umevimba, na ngozi imekuwa rangi ya bilinganya. Mkewe ndiye aliyempeleka hospitali kubwa. Daktari akaugeuza mkono, akauliza ni waya gani huo, na safari hii hapakuwa na mtu wa kumjibia. Akasema ukweli.

Daktari aliubonyeza mkono taratibu, hapa na pale. Kisha akamwambia, "Mzee, ungesema hivi jana, tungeupasua jana tukausafisha. Hayo maji hayakuchoma tu, yaliingia. Yamebeba dawa na uchafu chini ya ngozi mpaka kwenye kifundo cha mkono. Sasa hakuna tena cha kusafisha."

Wakaukata.

Msimamizi akaenda kumwona na mfuko wa machungwa. Alikuwa ameandaa maneno ya faraja, na aliyasema yote, mengine mara mbili. Mwishoni akasema tuombe, na kwa mazoea ya miaka yote akanyoosha mkono wa kulia kuushika ule wa kushoto wa mwenzake. Akashika shuka.

Hapo mwoshaji akasema, bila kupandisha sauti, "Bosi, siku ile nilipokuwa chini nilikuona unakuja mbio, ukainama. Nikasema moyoni, huyu ndugu yangu anakuja kuninyanyua. Kumbe ulikuwa unafungua tyubu."

Ile tyubu bado ilikuwa mfukoni mwa msimamizi.

Na sisi? Inauma kusema, lakini nitasema. Mmempa yule mtu hukumu, nimewaona mkitikisa vichwa. Wewe uliyempandisha fundi juu ya paa la nyumba yako bila kamba, ukamwambia Mungu yupo, una tofauti gani naye? Wewe ambaye dada wa kazi aliungua na mafuta jikoni kwako, ukampa dawa ya meno apake, kisha ukamfundisha la kusema mama yake akipiga simu? Na sisi tunaopiga honi tukitaka gari letu lioshwe haraka, tunadhani ile tyubu inafungwa kwa ajili ya nani? Tunamwomba Mungu atulinde na ajali ambazo tumezifunga sisi wenyewe kwa mikono yetu, na zikitokea tunakimbia. Tunakimbia kweli, tena mbio. Lakini tukifika tunainama kuokota kitakachotuumbua, na mtu bado yuko chini.

Kwa desturi yetu, hapa ningesema tuinamishe vichwa tuombe. Leo bado. Kaeni hivyohivyo, vichwa juu. Mwenye mtu aliyeumia akimfanyia kazi, akamwambia ni kidogo, ainuke aende akamwone sasa hivi, mlango uko wazi. Sala tutaifanya akirudi.