Udi wa Mke wa Fisi

Haya, paukwa!

– Pakawa!

Pakawa nini? Semeni kwa nguvu, si mmeshiba nyie!

– Pakawa mume na wivu wake!

Ehe! Basi tulieni.

Alikuwako Fisi, ana nguvu, ana tamaa, na ana mke mzuri, Bi. Tatu. Kwale alimwamkia Bi. Tatu, Fisi akamla. Njiwa alimwimbia Bi. Tatu, Fisi akamla. "Nampenda sana mke wangu," alisema, huku anachokonoa meno.

Siku moja Fisi karudi safari, kala, kalala fofofo. Asubuhi ananusa kitanda: fu, fu, fu! Udi! Mke kajifukiza, kanga kazifukiza, mpaka shuka.

"Kumbe ana bwana! Leo namla!" Akamfungia ndani, kwa!

Jirani yao alikuwa Kuchakulo, kindi mdogo kama ngumi. Aliyasikia yote, na udi ule aliununua yeye, katumwa sokoni na Bi. Tatu. Kumwacha dada wa watu aliwe, hakuweza. Kupigana na Fisi, ndiyo kabisa.

"Shikamoo, Bwana Fisi. Umemuuliza mkeo udi ulikuwa wa nani?"

"Mke haulizwi! Analiwa."

"Haya, mle. Na yule mwanamume je? Si atakaa anakucheka?"

"Anicheke? Mimi?"

"Basi ita watu, uape mbele yao."

Wanyama wakajaa uwanjani. Fisi akaapa: "Wallahi, aliyewashiwa udi ule afungwe jiwe, atupwe mtoni! Akilia, msimsikilize! Akijitetea, msimsikilize!"

"Hata akiwa mkubwa?" aliuliza Kuchakulo.

"Hata akiwa mkubwa!"

Kuchakulo akafungua mlango. "Dada Tatu, udi ulimwashia nani?"

"Mume wangu," alijibu huku analia. "Si alikuwa anarudi safari?"

Nyati akasogea, akamnusa Fisi manyoya: fu, fu, fu. Ananukia huyo, utasema bwana harusi!

"Ni mimi jamani! Ni mimi mumewe!"

"Tumeambiwa tusisikilize," alisema Nyati. Wakamfunga jiwe, wakambeba. Chubwi!

Bi. Tatu alimlilia, tena alimlilia kwelikweli, maana alimpenda. Kuchakulo alikaa naye.

Hadithi yangu imezama hapo. Anayetaka zaidi apige mbizi. Na funzo lake lishikeni, akina bwana: wivu haudanganyi. Fisi alisema kuna mwanamume, na kweli alikuwapo.