Dawa ya Uzazi

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana wengi wa waliokuwapo bado wanakula makande yao kwa meno yao wenyewe, neno moja lilimtia mwanamke aibuni kwa miaka miwili na nusu. Sogeeni. Hadithi hii siipendi, nami nitaisimulia nikiwa nimeinamisha macho. Msiniulize kwa nini, mtasikia.

Katika milima ya Upare alizaliwa msichana aliyeitwa Namsifu, mtoto wa tano kati ya kumi na mmoja. Aliwabeba wadogo zake mgongoni mpaka sare yake ya shule ikanuka mkojo, na wenzake darasani wakamhama dawati. Akajisemea: nikikua nitatafuta dawa ya kumpumzisha mama. Akakua, akasoma, akawa daktari mtafiti. Miaka ishirini na mitano alihangaika na jambo hilohilo moja, kwamba mwanamke azae anapotaka na apumzike anapotaka. Mwishowe akapata sindano mpya. Sindano moja, miezi sita bila mimba. Ikabaki kuijaribu kwa wanawake mia tatu waliokubali wenyewe, kwa kuweka sahihi kwenye fomu.

Fomu ya kwanza iliandikwa waziwazi: sindano ya kuzuia mimba. Daktari akaipeleka kwao, milimani. Waliposikia "kuzuia", wanaume wakawaondoa wake zao, wanawake wengine wakajiondokea wenyewe, na mzee wa kanisa akauliza kama wamekuja kuumaliza ukoo. Daktari akarudi mezani na fomu zake tupu. Akashika kalamu, akafuta "kuzuia mimba", akaandika "dawa ya uzazi". Neno laini, halimkwaruzi mtu. Wakubwa wa mjini wakalisoma, wakalipitisha, kwa sababu kule mjini uzazi ni idara, una mlango na kibao.

Lakini sisi huku ng'ambo ya mlima, ambako fomu ya kwanza haikufika, jamani! Dawa ya mbu huua mbu. Dawa ya macho huponya macho. Sasa dawa ya uzazi inafanya nini? Inaua au inaponya? Fomu haikusema, na aliyeiandika alijua kwamba haikusema.

Wanawake wengi walielewa, kwa kunong'onezana kisimani. Mmoja hakunong'onezwa. Huyo ni Nakijwa, mke wa fundi mwashi aitwaye Senkondo. Alikuwa na miaka thelathini na minane. Wenzake wa rika lake waliitwa Mama Fulani na Mama Fulani, yeye aliitwa Nakijwa tu. Mbele yake hakuna aliyezungumzia habari za watoto, ndiyo sababu hakunong'onezwa. Alisikia kwamba zahanati imeletewa dawa ya uzazi, akavaa kitenge chake kizuri, akashuka mbio.

Zahanati ilikuwa na nesi mmoja, Eliwaza. Siku ile ilikuwa ya mwisho kuandikisha, na orodha ilikuwa na wanawake mia mbili tisini na tisa. Nesi akauliza kama fomu ilivyomtaka aulize: "Umezaa watoto wangapi?"

"Wawili," akajibu Nakijwa.

Alisema kweli. Aliwazaa wawili, akawazika wawili. Fomu haikuuliza wako wapi. Nesi akaandika mbili, akamsomea maelezo, akafika mahali pasemapo: "Hedhi ikisimama usiogope, ndiyo dawa inafanya kazi." Nakijwa akacheka kwa furaha, akaweka sahihi, akatoa mkono.

Hedhi ikasimama. Nakijwa akamwambia mama mkwe. Mama mkwe akapiga vigelegele. Nakijwa akanunua sufu ya njano, akaanza kufuma sweta dogo, maana huku kwetu mtoto wa milimani hazaliwi bila sweta. Miezi ikapita, tumbo likabaki lilelile. Akachomwa sindano ya pili, akamwambia tena mama mkwe. Miezi ikapita, tumbo lilelile. Akachomwa ya tatu, akasema tena, na safari hii hakuna aliyepiga vigelegele. Kuanzia hapo akapewa jina. Wenzake ni Mama Fulani, yeye akawa Mama Hewa. Akipita na ndoo, mtu anauliza, "Mama Hewa, umefikisha mwezi wa ngapi?" Na watu wanaangua kicheko. Aliyelitunga jina hilo ni mimi. Nilijiona mwerevu sana.

Kila aliposhuka zahanati alimwuliza nesi swali lilelile.

"Sista, bado?"

"Bado, dada. Hakuna kitu."

"Hakuna kabisa?"

"Usiwe na wasiwasi. Dawa inafanya kazi."

Alichomwa sindano tano. Utafiti ukaisha. Daktari Namsifu akapanda mlima kuleta mrejesho, akaita wanawake wote na waume zao kwenye ukumbi wa shule. Akasimama mbele, macho yanang'aa, akasema: "Mama zangu, dada zangu, dawa yenu imefanya kazi. Kati ya wanawake mia tatu, hakuna hata mmoja aliyeshika mimba!"

Ukumbi ukapiga makofi. Nakijwa akanyoosha mkono.

"Daktari, samahani. Hakuna aliyeshika mimba, na mnapiga makofi?"

Watu wakadhani anatania. Kisha wakamtazama usoni, na makofi yakafa moja moja. Mimi nilikuwa mstari wa tatu, nilitamani sakafu inimeze.

Daktari akawaomba watu watoke. Wakabaki wanne: daktari, nesi, Senkondo na Nakijwa. Sisi tukabaki dirishani, hatukuwa hata na haya ya kuondoka. Daktari akamweleza taratibu dawa ile ni ya nini. Nakijwa akasikiliza mpaka mwisho.

"Na sasa nitazaa lini?" akauliza.

"Sindano ya mwisho inaisha nguvu mwezi huu. Baada ya hapo mwili unaweza kuchukua mwaka mzima kurudi."

"Nitakuwa na miaka arobaini na miwili."

Nakijwa akamkazia macho. "Daktari, wewe ulijua nini?"

"Wewe sikukujua," akasema Namsifu. "Lakini neno nililijua. Nililichagua kwa sababu linafichaficha. Nilijiambia kwamba nawasaidia wanawake wanaozuiliwa na waume zao, na ni kweli, nimewasaidia. Mama mmoja amenishika miguu leo asubuhi kwa shukrani. Lakini wanaume walielewa neno walivyotaka, wakubwa wakalielewa walivyotaka, nawe ukalielewa linavyosema. Wewe peke yako ndiye uliyeisoma fomu yangu kama ilivyoandikwa. Naona aibu, Nakijwa. Sina pa kuweka uso."

Nakijwa akamgeukia nesi. "Sista, wewe ulijua nini?"

"Nilishuku," akasema Eliwaza, tayari analia. "Siku ya kwanza sikushuku, nilitaka tu orodha ijae. Lakini ulipokuja kwa sindano ya pili ukaniuliza 'bado?' kwa sauti ile, nilishtuka. Nikasema nitakuuliza kesho. Nikaogopa kwamba nikiuliza nitakuwa nimeharibu utafiti wa watu na wataniondoa, na zahanati hii haina nesi mwingine. Nikakuchoma mara nne nikiwa na shaka. Mara nne, dada. Nilikuwa nakufuta kwa pamba huku nikitazama ukutani."

Akamgeukia mumewe. Kumbukeni, hakuna aliyemshuku Senkondo. "Baba, na wewe ulijua nini?"

Senkondo akavua kofia. "Nilijua yote."

Hata sisi dirishani tulishika midomo.

"Niliiona kadi yako ya sindano," akasema. "Nikashuka nayo mjini Same, nikamwuliza muuza dawa, akanieleza. Nikarudi, nikanyamaza. Nakijwa, mtoto wa pili alipokuja, nani alishika machela mbele? Nilikuteremsha mlima huu ukivuja damu, viatu vyangu vikajaa. Hospitali waliniambia ukishika mimba nyingine watanipa maiti. Waliniambia mimi, si wewe, na mimi sikukuambia. Nilipoona Mungu ameleta sindano bila mimi kusema neno, nikashukuru. Nilikuchagua wewe."

"Ukaniona nafuma sweta."

"Nilikuona."

"Ukasikia wananiita Mama Hewa."

"Nilisikia."

"Hukunichagua, Baba. Hukuniuliza."

Senkondo akakaa kwenye dawati la watoto, magoti yakamgonga kidevuni, wala hakuinuka.

Nakijwa akasimama. "Sikilizeni. Aibu hii nimeibeba peke yangu, nayo haikuwa yangu. Leo naiweka chini. Jumapili, watu wakitoka ibadani, mmoja wenu atasimama nje ya kanisa, aseme mbele ya wote walionicheka: aibu haikuwa ya Nakijwa, ni yangu mimi."

"Tutasimama wote watatu," akasema daktari upesi.

"Hapana. Mkisimama watatu mtapokezana maneno, na watu watarudi nyumbani wakisema ilikuwa bahati mbaya. Nataka mmoja."

"Basi ni mimi," akasema daktari. "Neno ni langu. Bila neno lile usingefika zahanati. Najua wanawake wataikimbia sindano yangu, na miaka ishirini na mitano itakwenda na maji. Iende."

"Ni mimi," akasema nesi. "Mkono uliokuchoma ni wangu. Wao walikuwa mbali, mimi nilikushika bega. Najua sitaaminiwa tena na mtu hapa. Nisiaminiwe."

"Ni mimi," akasema Senkondo. "Hawa mmoja hakujua na mwingine alishuku. Aliyejua ni mimi, tena nalala nawe. Najua mama yangu na ukoo wataniambia si mwanamume. Waniambie."

"Tuchagulie wewe basi," daktari akamwambia Nakijwa.

"Nimechaguliwa mengi miaka hii," akasema Nakijwa. "Hili chagueni wenyewe." Akajifunga kitenge, akatoka, akatupita pale dirishani bila kutuangalia.

Jumapili ikafika. Ibada ikaisha, watu wakamiminika nje. Wote watatu walikuwa wamekuja, wamesimama ukutani, daktari, nesi na mume, na kila mmoja ameshasogeza mguu mbele. Nakijwa akasimama kando, akisubiri.

Nanyi mliokaa hapa, msitazamane, wala msiseme "wote", maana Nakijwa amekataa wote. Kuna mtu mmoja tu wa kusogea hatua moja. Aliyelificha neno bila kumjua mtu, aliyeshuku akaendelea kuchoma, au aliyejua yote akanyamaza kwa kupenda? Je, nani alistahili kuibeba aibu ya Nakijwa?