Dalali wa Griftu na Sindano

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba usilolijua ni usiku wa kiza. Gizani hata kisiki huwa simba.

Hirsi, dalali wa ngamia katika soko la Griftu, alikuwa mtu wa kutajika. Kikohozi kilipomkondesha akabaki ngozi na mifupa, alichomwa kifua kwa chuma cha moto kama walivyofanyiwa babu zake, asipate nafuu. Alipopelekwa hospitalini Garissa, picha ilionyesha uvimbe kifuani, na makohozi yalipopimwa hayakutoa jibu. Basi Hirsi akajihukumu mwenyewe kuwa ana saratani. Akatoa wosia, akamkabidhi nduguye Nunow ngamia wake kipenzi, akasusia chakula.

Daktari Aketch wa hospitali hiyo alishauri uvimbe uchomwe sindano, kitolewe kipande kidogo cha kupimwa. Nunow akapinga vikali, akidai uvimbe ukichokozwa husambaa, na Hirsi akamuunga mkono. Aliyekataa katakata kuwasikiliza ni Yurub, binti wa Hirsi.

"Aabo," alimwambia babake kwa upole, "sokoni mnapatana bei namna gani?"

"Kwa kubonyezana vidole, chini ya shuka. Unajua."

"Macho hayaoni, lakini vidole vinaelewana. Daktari naye atafanya hivyo hivyo kwa sindano. Bei haijatajwa, na wewe umeshauza roho yako."

Maneno hayo yalimwingia Hirsi. Akaona aibu, kisha akaomba apelekwe akachomwe sindano.

Alilazwa kwenye mashine ya kupiga picha, akatiwa ganzi. Daktari Aketch aliisogeza sindano kidogo kidogo, kila mara akitazama picha ajue ncha imefika wapi.

"Mzee, shika pumzi. Usitikisike."

Hirsi akaishika, akisoma dua moyoni. Ukasikika mlio mdogo, kazi ikaisha.

Majibu yalipotoka, haikuwa saratani. Kilikuwa kifua kikuu, kimejificha mahali ambapo makohozi hayakuweza kukifichua, nacho kina dawa. Yurub alilia kwa furaha mbele za watu.

Hirsi alimeza dawa zote bila kuruka siku, mwili ukarudi, na sauti pia. Alipoingia tena sokoni, madalali waliacha biashara wakamzunguka kumpa mkono. Nunow alisimama pembeni, ameshika kamba ya yule ngamia.

"Walaal, ndugu yangu," Hirsi akamwambia, "maiti amerudi. Lete kamba."

Soko likaangua kicheko, na Nunow alicheka kuliko wote huku akiitoa. Tangu hapo, kila aliyekohoa akaogopa kupimwa, Hirsi alimfunulia kifua, akamwonyesha makovu makubwa ya chuma na kidoa cha sindano kisichoonekana vizuri, kisha akamwambia: usilolijua ni usiku wa kiza.